Ramani Iliyojua Kaburi Letu

Yule dereva wa pikipiki alisimama mbele ya uwanja wetu asubuhi, jua likiwa limeshapanda, akazima injini na kuitazama simu aliyoifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira. Mimi nilikuwa naanika mihogo. Hakuwa mtu wa kwetu. Alisema anatoka Kasongo kwenda Salamabila, na hajawahi kupita njia hii ya Wamaza. Aliomba maji ya kunywa. Nilipokuwa namletea, simu ikasema kwa sauti ya mwanamke, kwa Kifaransa, kwamba aendelee mbele mpaka Alipolala Mutoto.

Nikamwuliza, "Imesema wapi?"

Akaigusa simu, nayo ikarudia. Ililikata jina vibaya katikati, kama mtu anayesoma asichokijua.

"Unapajua, mama?"

"Ninapajua."

"Iko mbali?"

"Haiko mbali."

Akanywa maji, akashukuru, akaenda. Nilibaki nimesimama na kikombe mpaka sauti ya pikipiki ikapotea.

Alipolala Mutoto si kijiji. Hakuna nyumba pale, wala shamba. Kuna mti mmoja mkubwa, na chini yake mawe machache ambayo mgeni hawezi kuyatofautisha na mawe mengine. Miaka mingi iliyopita mume wangu alikuwa ananipeleka hospitali Salamabila, nikiwa na mimba ya kwanza, na mvua ikatufunga njiani. Mtoto alizaliwa chini ya mti ule na hakulia. Tulimzika sisi wawili. Nyumbani tulisema mtoto alibaki njiani, na wazee kwa heshima hawakuuliza zaidi. Jina lile tulilitumia mimi na yeye tu, tena kwa sauti ya chini.

Mume wangu aliporudi kutoka shambani nilimwambia. Alikaa kwenye kiti, akakunja mikono.

"Niliandika mimi," akasema. "Mu kaye. Niliona kama siandike, pale patapotea."

Ile kaye, daftari lake la njia, niliijua vizuri, kwa kuwa nusu yake ilitoka kichwani mwangu. Nilikuwa muuguzi wa kituo chetu cha afya, naye alinibeba nyuma ya pikipiki pamoja na sanduku la baridi la chanjo, kijiji kwa kijiji, mpaka ng'ambo ya Wamaza. Chanjo haingoji. Ukikwama kwenye mto mpaka barafu iyeyuke, umewachoma watoto maji matupu. Kwa hiyo alianza kuandika. Kila mahali pagumu alipaandikia idadi ya watu wanaohitajika kuipitisha pikipiki: mmoja, maana yake dereva anapita peke yake; wawili, mmoja asukume; wanne, ibebwe. Lakini mvua ilimshinda, kwani kijito cha mtu mmoja asubuhi kinaweza kuwa cha watu wanne mchana. Hapo ndipo mimi nilipoleta sufuria. Nilikuwa nimeona kwamba kijito chetu, mvua ikikatika, kinashuka kwa muda wa kuivisha sufuria moja ya maharage. Mto wa mbele yake, sufuria mbili. Akacheka, kisha akachora sufuria ndogo pembeni ya ukurasa, yenye mkono mmoja tu kwa sababu yangu ilikuwa imevunjika mkono mwingine. Tangu siku ile kila mto ulipata sufuria zake, na hatukupoteza chanjo tena.

Madereva wengine wakaanza kuja kunakili. Halafu wakaja wageni, watu wa mradi, wakafanya semina Kasongo. Dada mmoja kutoka Bukavu alikaa na mume wangu siku nyingi, akamfundisha kupita kila njia na simu ya mradi mfukoni ili ijichore yenyewe, kisha waliingiza kila kitu kilichokuwa kwenye kaye. Walimwambia ramani hiyo itakuwa wazi kwa watu wote, hakuna atakayeizuia. Alisaini karatasi kwa furaha. Nilikuwepo. Hakuna aliyemdanganya siku ile, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba sina mtu wa kumkasirikia.

Tulimpigia simu yule dada. Akaeleza. Kampuni kubwa ya ng'ambo ilichukua ramani iliyokuwa wazi, ikaitia ndani ya yake, na yake haiko wazi. Wenye kusafirisha mizigo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu wanailipa kampuni ili wapate zile saa za kungojea mito.

"Na jina letu?" mume wangu akauliza.

"Papa, jina lenu haliko. Ile karatasi inawaruhusu. Nisameheni."

Jirani yetu ana simu kubwa. Tulimwomba atuonyeshe. Njia zetu zote zilikuwemo, hata ile inayozunguka shamba la marehemu baba mkwe, ambayo tuliipita mara moja tu kwa sababu ya nyuki. Kwenye kila kijito palikuwa na alama ndogo. Jirani akaikuza kwa vidole. Ilikuwa sufuria. Ilikuwa na mkono mmoja.

Ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu usiowajua ukakuta wamelala kwenye mkeka wako.

Msimu ule mvua zilizidi, na kijito chetu kikalichukua daraja la magogo lililojengwa kabla ya semina. Kwenye ramani daraja lilibaki. Mume wangu alimwomba jirani simu, akatuma taarifa kwamba daraja limeondoka. Jibu lilikuja haraka: asante, lakini hatukuweza kuthibitisha mabadiliko yako. Akatuma tena, na picha. Jibu lilelile. Mara ya tatu aliandika kwamba yeye ndiye aliyeichora njia hiyo. Hapo hapakuja jibu lolote.

Wageni waliendelea kuja. Tuliwaona wakipita na nyuso zimeelekea kwenye simu, nasi tukipaza sauti kutoka uwanjani kwamba mbele hakuna daraja. Wengine walirudi. Siku moja dereva alipita na mama mmoja muuza vitambaa. Mume wangu alisimama katikati ya njia kuwazuia.

"Telefone inasema daraja iko, papa," dereva akasema, bila ubaya. "Wewe uko nani?"

Mume wangu alisogea pembeni.

Tulisikia kelele muda mfupi baadaye, tukakimbia. Pikipiki ilikuwa imeanguka ukingoni, dereva ameishika, na yule mama alikuwa ameng'ang'ania mzizi katikati ya maji, vitambaa vyake vikienda na mkondo, vyekundu na vya njano, vikizama na kuibuka. Mume wangu aliingia mpaka kifuani akamvuta. Yule mama alipona. Nilimfunga mkono uliochanika, akalia kwa ajili ya vitambaa, na simu ya dereva pale majanini ilikuwa inaendelea kusema waende mbele, waende mbele.

Kesho yake mume wangu aliangusha mti wa karibu na kijito kuziba njia. Watu wakauzunguka. Baada ya wiki palikuwa na kijia kipya kando ya mti, kimekanyagwa vizuri.

Basi akaniambia, "Hawataacha kuja." Akatafuta wanaume watatu wa kanisa letu, wakakata magogo, wakajenga daraja palepale ramani iliposema lipo. Mimi niliwapikia. Nilimwuliza kama haoni kwamba anaifanyia kazi ile kampuni mara ya pili. Alisema anaona. Alisema pia kwamba hataweza kuingia tena ndani ya maji yale kumvuta mtu.

Safari hii hatukumwambia mtu yeyote, wala yule dada wa Bukavu, na hakuna aliyepiga picha. Siku ya nne baada ya pikipiki ya kwanza kupita, jirani alikuja ameshika simu yake kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa kimeandikwa: Je, kuna daraja hapa? Chini yake palikuwa na majibu matatu ya kugusa: ndiyo, hapana, sina hakika.

"Nijibu nini?" akauliza.

Mume wangu aliichukua, akaiweka juu ya goti, akaitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akamrudishia.

Jumapili, tukitoka kanisani, jirani alitukuta njiani akatuonyesha tena. Hakugusa jibu lolote, akasema, lakini karibu na daraja waliandika kwamba limethibitishwa na simu za waliopita.