Stendi Kabla ya Soketi

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, upande wa Machakos, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimechota mchanga mtoni, nimechunga ng'ombe wa watu na kupaka rangi majengo ya kanisa. Kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Siku hiyo nilifika barabarani nikaona lori la kokoto limesimama, dereva akinunua mahindi ya kuchoma. Nikamwuliza anaelekea wapi. Akasema Kitengela. Nikamwambia hata mimi naelekea huko.

Klachi ya lori ilikufa tukiwa tumeanza kuona majengo ya mji. Tukavutwa hadi gereji moja ya wazi, uwanja uliozungushiwa mabati, usio na sakafu. Mwenye gereji alikuwa mzee wa Kimaasai aitwaye Lemayian, ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu. Ufundi aliupata kwenye ranchi, kwa kutengeneza matrekta. Niliposhuka ningeweza kwenda zangu, lakini nilichutama karibu na lori nikaanza kuuliza. Hii inaitwaje? Ile ya nini? Mbona hii imefungwa kutoka chini?

"Ero," aliniambia, yaani kijana kwa Kimaasai, bila kutoa kichwa chini ya lori, "huo mdomo hauchoki? Hebu na mikono ichoke. Shika hii."

Alichonipa kilikuwa spana nambari kumi na saba, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Kwa vijana wanaosoma haya na wanaotaka kuanza kazi ya magari, nieleze jinsi gereji za namna ile zilivyoendeshwa. Kila fundi alikuwa na begi lake. Ukikosa kifaa, uliita kwa sauti unachotaka na unamwomba nani, ili watu wote wajue kimekwenda wapi. Vitu viwili tu vilikuwa vya gereji nzima: jeki kubwa na jozi moja ya stendi. Stendi ni ile miguu mitatu au minne ya chuma inayowekwa chini ya chesisi, ule mfupa wa gari, likishainuliwa. Aliyewahi ndiye aliyezitumia, na wengine walingoja.

Mwezi wa pili Mzee Lemayian aliniita pembeni.

"Uko na nini chako mwenyewe?"

"Niko na mikono, Mzee."

"Hiyo hata mwizi ako nayo. Sikiza. Kwanza tafuta stendi mbili na ubao mnene, mpana. Halafu spana, kuanzia nane mpaka kumi na tisa, upande mmoja wazi, upande mwingine ring, ile ya duara. Halafu bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Plaisi, nyundo, na taa ya kupimia umeme. Soketi utanunua ukishakuwa fundi."

Nikamwuliza kwa nini stendi zitangulie, wakati hazifungui hata nati moja. Akanieleza kwamba jeki ni ya kuinua tu. Uzito wote wa gari unashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa nyuma ya kipira kidogo, na kipira kile hakikuambii siku kitakayochoka. Stendi ni chuma juu ya chuma. Ubao nao ni kwa sababu ya ardhi yetu. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka wakati wa kiangazi hadi ukaingiza mguu, na mvua ikinyesha unakuwa uji. Chuma chembamba kikisimama juu yake bila ubao, kinazama.

Nilielewa kila neno, kisha nikaenda kununua soketi.

Sitajitetea. Zilikuwa vikombe vya chuma vya kuvalisha nati, kwenye sanduku la bati lenye kifuniko chekundu, zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa, na racheti yake, ule mkono wa kuzizungushia, inalia kama panzi. Stendi zilikuwa zimerundikwa nje ya duka hilohilo, zina kutu. Wambua, fundi mwenzangu na Mkamba mwenzangu, aliponiona naingia nazo aliangua kicheko.

"Haiya! Mutiso ameleta sanduku la bibi harusi! Mahari umelipa?"

Mzee aliangalia sanduku, akaangalia uso wangu, akarudi kwenye kazi yake.

Wiki chache baadaye ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu jua likawaka, na kufikia saa nne uwanja ulikuwa umeota ganda gumu la kijivu. Hapo ndipo ule udongo unapodanganya watu, kwa sababu juu unatembea bila kuchafua kiatu na chini bado ni uji.

Pikapu ya maziwa ikaingia, gurudumu la mbele kushoto limelegea. Dereva alikuwa akipiga kelele kwamba maziwa yatachacha. Tatizo lilikuwa boljointi, kile kifundo kinachoshikilia gurudumu lisichomoke. Stendi zote mbili zilikuwa chini ya basi dogo la shule ambalo Wambua alikuwa amelifungua nusu, na kuzingoja kungechukua saa nzima. Nikainua pikapu kwa jeki yake ndogo, juu ya lile ganda, bila ubao. Nikatoa gurudumu. Desturi ni kwamba gurudumu ukilitoa unalilaza chini ya chesisi, ili gari likishuka likutane nalo. Mimi nililiegemeza kwenye mabati lisinizuie njia.

Bolti moja ya chini ikanishinda. Mzee akaja.

"Umeweka stendi?"

"Iko imara, Mzee."

Nilijua nimejibu swali ambalo hakuuliza. Hakuinama kukagua. Alilala chali, akajisukuma ndani kwa visigino mpaka kifua kikawa chini ya chesisi.

"Lete ring ya kumi na saba."

Nikampa racheti yangu na soketi.

"Hii haiingii hapa, ni pafinyu. Nimesema ring."

Sikuwa nayo. Nikapaza sauti kumwomba Wambua, nikaenda kwenye begi lake, hatua kama kumi hivi. Nikiwa nimeinama nilisikia ganda la udongo likipasuka, sauti ndogo kama ya kuvunja biskuti. Nikageuka. Jeki haikuwa imeanguka. Ilikuwa inazama upande mmoja, polepole, na pikapu ikiifuata.

Dereva alikimbia akashika bampa.

"Usiguse!" Mzee alisema kutoka chini. Halafu kwa sauti ya chini zaidi, "Mtu yeyote asiguse gari. Mutiso."

"Naam, Mzee."

"Stendi iko wapi?"

"Hakuna, Mzee."



"Gurudumu liko wapi?"

Nililikimbilia, nikalilaza, nikalisukuma chini ya chesisi nyuma ya bega lake. Gari likakaa juu yake, lakini gurudumu lenyewe nalo likaanza kuingia kwenye udongo. Chesisi ilikuwa imeshagusa kifua chake. Maneno yake yalianza kuja moja moja, kwa sababu kila pumzi aliyoitoa, chuma kilichukua nafasi yake.

Wambua alileta jeki kubwa. Nikaiweka, nikapiga mkono wake mara tatu. Gari halikupanda hata kidogo. Jeki ndiyo iliyoshuka. Nikamwaga soketi zangu zote kwenye matope, nikaweka lile sanduku chini ya jeki, nikapiga tena. Bati likajikunja kama karatasi ya mkate.

"Ubao," Mzee alisema.

Hapakuwa na ubao uliobaki; mbao zote zilikuwa chini ya stendi za basi la shule. Hapo langoni mama mmoja, Mama Naserian, aliuza chai, na wateja wake walikalia benchi la mbao nene. Hakungoja aombwe. Alikuwa ameshawainua wateja na analiburuta benchi lenyewe kuja kwetu, chai ikimwagika nyuma yake.

"Vunja miguu! Mnaangalia nini? Vunja!"

Wambua aling'oa miguu kwa nyundo kubwa, mapigo mawili kila upande. Tukalaza ubao, tukaweka jeki juu yake. Mara mbili nilikosa tundu la kuingizia mkono wa jeki.

"Po-le," Mzee alisema. Sikujua kama ananiambia niende polepole au ananipa pole.

Nikapiga. Ubao ulizama kidogo, ukashika. Nikapiga tena. Chesisi ikapanda unene wa kidole, halafu viwili. Wambua na dereva walimshika Mzee kwa miguu ya ovaroli wakamvuta, naye akatoka midomo ikiwa rangi ya majivu. Alikaa kwa muda bila kupumua. Mama Naserian alimpiga kofi mgongoni huku akimsemesha kwa Kimaasai, na ndipo ile pumzi ikaja, na sauti yake ilikuwa mbaya kuisikia.

Mbavu tatu zilivunjika, na bega la kushoto. Nilikwenda hospitali siku ya nne, kwa sababu siku tatu za kwanza nilifika mpaka mlangoni nikarudi.

"Uliniambia iko imara," alisema. "Ulikuwa unajua si imara?"

"Sikujua, Mzee. Sikuangalia."

"Ungejua na udanganye, ningejua niko na mwongo. Mwongo mtu anamchunga. Wewe uliongea tu." Alifumba macho. "Watu wanaingia chini ya gari kwa maneno yako. Tafuta kwanza vitu vya kufanya maneno yako yawe kweli. Halafu urudi, au uende, mimi sijali."

Hakuingia tena chini ya gari maisha yake yote. Aliendesha gereji akiwa kitini, na alinisalimia kila nilipopita. Sikuweza kukaa. Niliziokota soketi, nikaziuza na matope yake, na kwa hizo pesa nikachukua stendi mbili na ubao wa mti mgumu wenye unene wa ngumi. Nikaenda Kajiado.

Huko kampuni moja ya machimbo ilikuwa na karakana, na Msimamizi wa Karakana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, tuliyemwita Madam. Aliniambia nifungue begi.

"Spana ziko wapi?"

"Bado, Madam."

"Umekuja kuomba kazi ya mekanika ukiwa na ubao? Wewe ni seremala?" Mafundi wakacheka. "Haya, seremala, inua lile lori."

Niliinua. Nilichukua muda mrefu hata wengine wakaenda kunywa chai. Nilizuia magurudumu kwa mawe, nikalaza ubao, nikaweka stendi, nikasukuma lori kwa bega kutoka pande zote nne, halafu mimi mwenyewe nikaingia chini na kulala pale. Madam aliinama akanitazama.

"Unafanya nini huko?"

"Nangoja nione kama litazama, Madam."

Alinipa kazi, na spana za kuazima hadi nilipopata zangu. Nilizinunua moja moja, kufuatana na kazi. Ile siku uliyoshindwa kumaliza kazi ndiyo inayokuonyesha ununue nini. Kumi, kumi na mbili na kumi na nne zilitangulia, kwa sababu magari ya Kijapani yamejaa hizo. Ile spana ya kurekebishwa, tunayoiita malaya kwa kuwa inakubali nati yoyote, niliichukua mwisho, maana hula kona za nati za watu hadi zikawa mviringo. Soketi nilinunua mwaka wa nne.

Mimi niliyekuwa sikai mahali nilikaa Kajiado zaidi ya miaka ishirini. Mafundi walizoea kuniita kabla hawajaingia chini. "Mutiso, iko aje?" Niliinama kila mara, nikaangalia, ndipo nikajibu. Mwaka jana magoti yalianza kukataa. Siku moja niliinama nikashindwa kuona mguu wa stendi ya mbali, na nikajikuta nataka kusema iko sawa. Nilimwita mwingine aangalie. Jioni hiyohiyo nikamwambia Msimamizi mpya kwamba nimemaliza.

Vifaa niliviacha karakana. Asubuhi iliyofuata nikachukua begi la nguo na kuelekea kusini. Mchana ukanikuta Entarara, sehemu ambayo sikuwahi kufika, mashamba ya maharagwe na mifereji ya maji kila upande. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta maharagwe uani alikuwa na chumba cha kukodisha.

"Supa," alinisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Koko," niliitikia, kama bibi anavyoitwa huko. "Natafuta chumba."

"Unafanya kazi gani?"

"Nimemaliza kazi."

"Umefukuzwa?"

"Nimestaafu."

"Basi utalala mpaka uchoke," alisema, akanipa ufunguo.

Niliweka begi chini, nikajinyoosha kitandani na viatu mguuni, jua likiwa bado juu. Kwa miaka yote ile ya Kajiado, nikifumba macho mchana, nilianza kuhesabu kichwani magari yaliyo juu na watu walio chini yake, jina kwa jina. Siku hiyo nilianza kama kawaida, nikatafuta jina la kwanza. Hapakuwa na mtu chini ya gari lolote.