Mwaka Tuliomngoja Kipa wa Ufaransa Astaafu

Hata leo nikifungua mfuko wa nailoni wenye jezi mpya, kabla sijaikunjua, ile harufu ya rangi na plastiki hunirudisha Guangzhou, kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tisa karibu na Guangyuan Xilu, nikiwa na miaka kumi. Naandika kwa wasiwasi kidogo. Shule yenyewe nilisomea mezani kwa Mama, katikati ya marobota ya nguo, na huenda mengine nimeyapanga vibaya kichwani. Nitakapokosea nivumilieni.

Kazi ya Baba ilikuwa mizigo. Wafanyabiashara wakitoka nyumbani aliwapokea, akawazungusha maduka ya Shisanhang, akawafungia marobota yao na kuyafuatilia hadi kontena linaingia bandarini Huangpu. Tulikwenda kukaa mwaka mmoja. Mwaka ukawa miwili, ukaanza wa tatu. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kurudi Njombe kwa Bibi, mama yake Baba, aliyenilea tangu najifunza kutembea. Kwenye joto lile la Guangzhou, nguo zikigoma kukauka, nililala nikiiwaza baridi ya kwake, na jinsi alivyokuwa akinifunga vitenge viwili asubuhi mpaka nashindwa kuinua mikono.

Nikimuuliza Baba tunarudi lini, alicheka. Siku moja akaonyesha ukutani, alipobandika picha ya kipa wa Ufaransa, yule mwenye kipara. "Huyu akistaafu, mwanangu, na sisi tunafunga mizigo."

Baba alimpenda yule mtu sana. Jumapili jioni yeye mwenyewe alidaka katika timu ya watu wa kwetu na wanafunzi wa vyuo, naye kichwa amekinyoa kikang'aa. Maisha ya kipa alinisimulia mechi moja moja: kombe la dunia alilolichukua nchini kwao, mipira aliyoipangua kwa miguu, alivyotoka langoni kuwapiga chenga washambuliaji. Simulizi ikifika miaka ya kipa huko Uingereza, Baba aliipitia harakaharaka. Mteja wake Mkongo, tuliyemwita Papa Mado, hakumwachia.

"Ambia mutoto ukweli, Papa. Si alisimama na mukono juu, anangoja filimbi, mutu akapita akafunga?"

"Yule alikuwa ameotea."

"Hakuotea."

"Kidogo aliotea," Baba akasema, akaendelea kukaza kamba ya robota.

Nami nitende haki: Papa Mado ndiye aliyesema kweli. Tena madukani hakuna aliyeshona jezi ya kipa. Tajiri wa duka, laoban, alikuwa na za washambuliaji hadi darini, lakini Baba akiulizia ya kipa wake alijibiwa "meiyou", hakuna, na mkono unapungwa kama anafukuzwa nzi.

Jumapili tukitoka kwenye ibada, Mama alikwangua kadi ya simu tukampigia Bibi kwenye simu ya Shangazi, dada yake Baba, aliyekaa naye. Kwetu saa tisa alasiri, kwao saa nne asubuhi. Nilipomweleza Bibi sharti la Baba, akauliza:

"Huyo Mfaransa ana miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu, Bibi."

"Na bado anajitupa chini? Mgongo haumuumi?"

Tangu hapo kila Jumapili, kabla ya kuuliza kama tumekula, aliuliza, "Mfaransa wenu hajachoka tu?" Mwanamke ambaye zamani alizima redio matangazo ya vifo yakiisha, sasa alinunua betri asikilize michezo.

Likaja kombe la Ujerumani, na Ufaransa ikafika fainali. Sikuiona, nilikuwa nimelala. Ila kabla ya kulala nilipiga magoti nikamwomba Mungu kipa yule afungwe, ili achoke. Asubuhi nilimkuta Baba kitandani amekaa, macho mekundu. Wamepoteza kwa penati. Waitaliano watano walipiga, wote wakafunga. Nikaona ni mimi niliyewafungia. Sikuweza kunywa chai.

Baada ya miezi mitatu hivi, simu ililia siku ya kazi. Alikuwa Bibi, ambaye hakuwahi kutupigia, maana ilikuwa ghali. "Amestaafu. Nimesikia kwa masikio yangu. Nimesiliba kuta za chumba chenu na godoro nimenunua. Mje."

Baba alichukua simu. "Nimesikia, Mama. Tutaangalia."

Tukaangalia mpaka Krismasi ikakaribia. Ndipo Papa Mado akaingia na mvua mgongoni, anacheka. "Papa, kipa yako amefufuka. Amesaini tena timu ya kwao." Baba aliinuka akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilimtazama usoni. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepata nafuu. "Unaona," akaniambia, "bado ana nguvu."

Jumapili hiyo nilipewa simu kwanza.

"Mjukuu wangu, Mfaransa yuko wapi siku hizi?"

Nilikumbuka chumba kilichosilibwa. "Amestaafu, Bibi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Anapumzika kwao."

"Haya. Apumzike," akasema, na hakuniuliza habari zake tena.

Tulirudi Njombe baada ya mwaka na nusu. Bibi alikuwa ameshazikwa. Nilimwungamia Shangazi ule uongo. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Alijua. Alisikia redioni kuwa mtu amerudi uwanjani. Akaniambia, 'Mtoto akipiga nitamuuliza. Nione atasemaje.' Ulipomwambia amestaafu kabisa, alinirudishia simu akasema, 'Basi, hawaji.'"

Miaka mingi nilidhani nilimlinda Bibi. Nimechelewa kuelewa kwamba uongo wangu ndio uliompa jibu: mtoto anayekuja hana haja ya kudanganya. Baba simlaumu; kazi ilikuwa imeshika, nasi tulikula vizuri kwa jasho lake. Ila nimewauliza watu wa mpira, wakaniambia kipa ndiye anayechelewa kustaafu kuliko wachezaji wote. Sijui kama Baba aliliwaza hilo alipoonyesha ukutani. Yuko hai, ningeweza kumuuliza, nami kila nikimwona naanza na habari nyingine.

Shangazi alinieleza na la mwisho, nami naliandika kama alivyolisema. Jumapili iliyofuata ule uongo wangu, saa nne haijafika, Bibi alikuwa ameshaketi karibu na simu, amejitanda kitenge safi, na yeyote aliyepita akitaka kuongea aliambiwa ashushe sauti.