Kadi ya Salamu Niliyoijaza Mwenyewe

Mjukuu wangu anafundisha shule Kisesa. Nimemlea mimi, kwa jembe langu na maandazi yangu, na nikimtazama kifua kinajaa. Kila mwaka Siku ya Wapendanao mumewe anamletea ua jekundu na keki, naye ananiletea kipande. Nakula, keki haina kosa. Lakini siku yenyewe siipendi, kwa sababu ya mama yake.

Sisi zamani hatukuwa na siku ya mapenzi. Mume akikupenda alikuletea kitenge baada ya kuuza pamba, na nyama imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani bila kukutazama usoni. Ukitaka zaidi ya hapo ulikuwa unatafuta ugomvi. Ikaja miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Maduka ya Mwanza yakajaa maua ya plastiki. Vijana wakavaa nyekundu, wakaenda kukaa ufukweni na soda zao, wameshikana mikono mchana kweupe. Wasio na cha kwendea ufukweni walinunua kadi ya salamu. Unaandika jina lako na majina ya unaowasalimu, unapeleka redioni, na siku ikifika mtangazaji anasoma, mtaa mzima unasikia.

Nilikuwa nakaa Nyakato, vyumba viwili, na binti yangu wa pekee alikuwa amerudi kwangu akiwa mgonjwa, pamoja na katoto kake, huyu mwalimu wa leo. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Alikonda hadi pete ya ndoa akaizungushia uzi isidondoke. Mumewe alikuwa mnunuzi wa samaki visiwani. Alisema anakwenda wiki mbili, ikapita miezi. Wavuvi waliniambia mapema kwamba ana mke mwingine huko, na huyo mke ana mimba. Binti yangu sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Yeye alingoja kitu kimoja tu.

"Mwaka jana alinitumia salamu za Wapendanao," alisema. "Hata kama hana nauli, mama, kadi hawezi kukosa."

Jirani yangu, mtu wa pwani mwenye mdomo, akanichokoza kisimani: "Mwanangu mumewe ameshapeleka kadi. Mkweo vipi, kalamu imemwangukia ziwani?"

"Kalamu anayo. Wewe chunga ya mkweo."

Kesho yake nikaenda mjini nikanunua kadi. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, herufi zangu kubwa kama mihogo. Nikakaa nyuma ya nyumba, nikaandika jina la mkwe wangu kama ndiye anayetuma. Mistari ya kusalimiwa ilikuwa mitatu. Wa kwanza nikajiweka mimi, maana mkubwa anatangulia. Wa pili binti yangu, wa tatu mtoto. Sitadanganya, nilitaka kusikia jina langu. Umri wote ule lilikuwa halijatoka redioni, na la jirani lilikuwa limetoka mara mbili.

Siku ilipofika binti yangu aliomba nimwogeshe. Akavaa gauni lake jekundu, likamning'inia kama limeanikwa. Nikamketisha mkekani, mgongo ukutani, redio mapajani. Wakasoma majina, wakasoma. La binti wa jirani likatoka, vigelegele vikavuka ukuta. Kisha likatoka la mkwe wangu. Binti yangu akanishika mkono kwa nguvu, sikujua kama nguvu hizo anazo bado.

"Anamsalimu mama mkwe wake," mtangazaji akasema, na akasoma jina langu, na la baba yangu. Halafu la binti yangu. Halafu la mtoto.

Mkono ukaniachia kabla hajalifikia jina lake.

Sisi Wasukuma mkwe hatamki jina la mama wa mkewe. Miaka sita yule mwanamume alipita uani kwangu ameinamisha kichwa, "Shikamoo mama," basi. La baba yangu wala hakulijua. Mimi niliyemfundisha binti yangu miiko hiyo nikaisahau kwa tamaa ya kutajwa.

"Mama," akasema. "Umejisalimia."

"Watangazaji hao wanachanganya karatasi."

Akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. Kisha akanitazama, na uso ukabadilika.

"Na mwaka jana? Mwaka jana pia ulikuwa wewe?"

"Hapana! Ile alituma mwenyewe. Kwa kaburi la baba yako."

"Sawa, mama. Zima, betri zinaisha."

Jirani akaingia bila hodi, anapiga vigelegele. Miiko yetu hakuijua. "Hongera, shoga! Mkwe anakutaja mpaka jina la baba yako! Wangu mimi ananitaja lini hivyo?"

Binti yangu alikuwa amejilaza, amegeukia ukuta, na gauni lake jekundu. Mimi nikasema, "Asante."

Redio hakuiomba tena. Nilikuwa naiwasha, anasema zima. Alikufa masika yale yale, tukamzika kwetu Misungwi.

Zile salamu za mwaka uliotangulia zilikuwa za mumewe kweli, alizipeleka kwa miguu yake. Ndicho kitu pekee binti yangu alichokuwa nacho, na nilimnyang'anya. Nilimwambia kila siku mpaka mwisho kwamba sikuwa mimi. Alikuwa ananijibu, "Sawa, mama," kama unavyomwitikia mtoto aliyevunja kikombe.