Katika Mstari wa Mama Mshonaji

Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, shefu wa kartie, yule kiongozi wa mtaa, hachaguliwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anapanga mstari nyuma ya wake, na mwenye kuhesabu anapita akigusa mabega. Lakini kwanza uandikwe.

Tulikwenda na yaya, dada yangu mkubwa. Papa wa mezani, yule mzee wa kuandika majina, hakuniangalia hata kidogo. Akamuuliza yaya, "Huyu, kichwa yake iko sawa siku hizi?"

Ee Mungu wangu! Mwaka ule niliougua nilizunguka sokoni nikilia na kuongea peke yangu, kambi nzima ikaniona. Tangu hapo nameza dawa, napika, nauza maandazi yangu. Ila kambi haisahau.

"Mi njo huyu hapa, papa," nikasema. "Uniulize mi."

"Basi ulete barua ya munganga wa hospitali, iseme umepona."

Kura ile niliitaka sana. Ruhusa ya kutoka kambini kufuata dawa Lilongwe inapitia kwa shefu, na shefu wa zamani alikuwa anamkabidhi yaya, kana kwamba mi ni mtoto wa kushikwa mkono. Yaya akiwa na kazi zake, siendi, dawa zinaniishia. Mama mmoja mshonaji aliyegombea alisema kila mgonjwa atapewa ruhusa mkononi mwake mwenyewe. Nilimtaka huyo.

Tukaenda Lilongwe, mi na mlinzi wangu yaya. Daktari alikuwa mpole. Akacheka kidogo. "Sisi tunaandika ugonjwa, mama. Uzima hatuuandiki."

Zikomo, nikamshukuru kwa Kichewa.

Siku ya kura nikaenda hivyo hivyo, bila barua. Nikasimama nyuma ya mama mshonaji, yaya nyuma yangu. Mwenye kuhesabu akaja akigusa mabega, akamgusa wa mbele yangu. Mkono ukaniruka, ukatua kwa yaya.

Hasira ikanipanda. Mwingine yeyote pale angepiga kelele, na watu wangesema ana haki. Mi nikipiga kelele watasema, "Munaona? Imemurudilia." Nikabaki palepale mstarini.

Mama mshonaji akashinda. Akapita akitushika mikono mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinichekea vizuri kabisa, kisha akamgeukia yaya.

"Umuambie aksanti."