Siku Niliyoua Mursik ya Posa

Naona haya kusema, lakini chekeni tu: mimi, msomi wa kwetu Sosiot, nilikaribia kuvunja posa ya dada yangu Chepkoech kwa kijiko kimoja cha unga mweupe.

Chuoni nasomea peptidi, vipande vidogo vya protini vinavyoua bakteria (msisinzie, nafupisha). Bakteria amejifunika utando mwembamba wa mafuta, peptidi inanata juu yake, inajipenyeza mpaka inautoboa, vya ndani vinavuja na mdudu anakufa. Basi Mama alipokuwa akijaza vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha yenye vumbi la mkaa, siku tano kabla ya wakwe kuja kutoka Kapkatet, nikaona nami nisaidie, nikatia peptidi ya kuhifadhia jibini ili maziwa yasiharibike, na sikumwambia mtu kwa sababu sifa nilitaka kuzipokea siku yenyewe.

Mama hafungui kibuyu cha wageni kabla wageni hawajaketi. Siku ya posa, wakwe walipoketi, akatikisa, akamimina, yakatoka maziwa mepesi kabisa, vumbi la mkaa likielea juu. Mjomba wa bwana harusi akaonja, akakiangalia kikombe, akauliza kwa upole, "Hii maziwa ni ya chai ama?"

Kwetu kumpa mgeni wa posa mursik ambayo haijaiva ni kama kumwambia arudi kwao, na Chepkoech alikuwa ameanza kulia. Ningenyamaza, lakini wapi, nikasimama. "Samahani wazee, si makosa ya Mama. Niliweka kitu kidogo ya kuua bakteria." Vikombe vyote vikawekwa chini, mzee mmoja akatema dirishani, nami ili waone si sumu nikanywa cha mjomba chote (kibaya ajabu), huku nikieleza habari za utando wa mafuta kwa watu waliokuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari.

Nyanya yake bwana harusi, ambaye wote walimwita gogo, alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa mtoto wangu, na zile bakteria za kugandisha maziwa, hizo hazina hiyo mafuta?"

Zinayo. Tena hizo ndizo peptidi yangu inazozimaliza kwanza. Miaka minne ya chuo na sikuwa nimejiuliza. Gogo akacheka mpaka akashika mbavu, wakwe wote wakalegea, na kabla hawajamaliza kucheka jirani yetu Mama Kiptoo, aliyekuwa akisaidia jikoni, alikuwa amekatiza shamba la chai hadi kwake na kurudi na vibuyu vyake viwili vya mursik iliyoiva, alivyokuwa amewawekea wageni wake wa Jumapili.

Posa ikapita. Mama alininunia wiki nzima, lakini leo dada yangu ana nyumba yake, na mimi nawashukuru wale wanawake wawili kila nikiomba. Swali la gogo ndilo ninalolifanyia utafiti sasa: peptidi gani itaua wabaya na kuwaacha wa kugandisha. Nikipata jibu nitampelekea yeye kabla ya maprofesa, na nitaenda mikono mitupu, maana kibuyu cha mtu sikigusi tena, hata kwa kukiosha.