Chumvi ya Mafunjo

Laiti ningekataa. Vijana wenzangu walipokuja kusema tuchimbe mtaro, tukaushe kinamasi cha mafunjo nyuma ya nyumba ya bibi, pale Buswahili, tulime nyanya, mimi ndiye niliyepiga jembe la kwanza. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, chumvi ya pakiti iko kila mahali, nami wa form four nikaona mafunjo ni uchafu. Juzi nilisimama palepale, nikanusa moshi wa majani makavu, utoto wote ukanirudia.

Unaikumbuka, rafiki yangu, miaka ile ya foleni? Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi ndiyo usiseme. Ugali na mlenda chapwa, siku nenda siku rudi. Bibi hakulalamika. Alituingiza majini mpaka magotini, tukakata mafunjo, tukayaanika, tukayachoma juu ya mwamba. Majivu akayatia kwenye chungu chenye matundu, akayamwagia maji. Yakadondoka taratibu, rangi ya chai. Aliyachemsha mpaka sufuria ikabaki na ukoko wa kijivu. Nikaulamba. Chumvi!

Mwalimu wetu alitucheka darasani: "Nyie wala majivu!" Hazikupita wiki mbili akapiga hodi na kopo tupu.

"Karibu, mwalimu," bibi akasema. "Umekuja kula majivu?"

"Nisamehe, mama. Watoto wamegoma kula."

"Na wewe?"

"Hata mimi nimegoma."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Bibi akamjazia kopo, akalishindilia.

Kisha wakaja wavuvi wa Bukima, baiskeli zimejaa sato. "Mama, samaki tunazo, ladha ndiyo hatuna!" Jioni zile tulikuwaga tunalamba vidole mpaka kiwiko. Watu wazima walimsalimia bibi kwa kuinama, na mimi shuleni nilitembea kifua mbele, mjukuu wa mama wa chumvi.

Mtaro wangu ulikausha kila kitu. Nyanya zilizaa misimu miwili, halafu udongo ukapasuka, na chemchemi tuliyokuwa tunateka ikakata. Bibi hakunigombeza. "Ungeniuliza tu, mjukuu wangu," alisema, akafunga mzigo, akahamia Nyakato kwa shangazi. Nilimfuata mara nyingi, hakukubali kurudi. Nilipoteza maji ya nyumbani, na nilimpoteza bibi miaka mingi kabla hajafa.