Mpelelezi Tabia na Fundi wa Viyoyozi

Inspekta Tabia Machano alikuwa na miaka thelathini na moja katika upelelezi, na kompyuta alikuwa akiigusa kwa kidole kimoja. Jumatatu ile mitambo ilipozimika nchi nzima, daktari hawezi kufungua faili la mgonjwa, abiria hawezi kukata tiketi ya boti, alijua kazi hiyo si yake. Wataalamu walioletwa kutoka Dar walifuata nyayo za wavamizi mpaka Unguja, katika ofisi moja ya usajili pale Malindi. Mlango wa mitambo ulikuwa umefunguliwa Alhamisi iliyotangulia, saa nne asubuhi, kwa neno la siri la karani Bi Ummkulthum.

Haitham, mkuu wa wataalamu, akataka karani akamatwe. Tabia akatia saini.

Jumanne akamhoji. Ummkulthum akasema saa hiyo alikuwa Kidichi, kwenye msiba wa mama mkwe wake. Tabia akaenda Kidichi, akakuta ni kweli. Haitham hakutikisika: kama neno hilo hakulitumia yeye, basi kampa mtu.

Tabia akarudi Malindi kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeuliza: Alhamisi ile nani aliingia humu kwa miguu yake? Bi Faiza, mpika chai, akamkumbuka fundi wa viyoyozi aliyekaa muda mrefu kwenye meza ya Ummkulthum, ambapo neno la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Kiyoyozi kilikuwa bado kinavuja. Fundi huyo alipokuwa akishuka ngazi soli ya kiatu ilimbanduka, na Bi Faiza mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kwa mshona viatu wa Mkunazini.

Tabia akaenda kwa mshona viatu. Viatu vilikuwa bado havijachukuliwa.

Jumatano asubuhi Tabia alikaa pale na buibui lake, ndara mkononi kama mteja. Saa tatu yule mtu akaja, mkoba begani. Akamwona askari wa Tabia aliyejificha vibaya pembeni, akatimka. Askari akamfuata. Tabia, na goti lake bovu, hakumfuata. Alipita ukumbini mwa nyumba ya jirani, akapiga hodi huku anatembea, akatokea uchochoro wa pili. Yule mtu akamvaa kwa kishindo. Tabia akasikia mkono wake ukivunjika, akauangukia mkoba na hakuuachia mpaka askari alipofika.

Ndani mlikuwa na kompyuta yenye funguo za siri za kuiwasha tena mitambo yote. Kufikia alasiri hospitali zilikuwa zinasoma mafaili yao.

Tabia, mkono umefungwa plasta, alikwenda mwenyewe kumtoa Ummkulthum mahabusu. Alimwomba radhi. Yule mama alifunga mtandio wake taratibu kwanza.

"Jana imesomwa khitma ya kumwombea mama mkwe wangu, afande, na mimi nimo humu."

"Kweli, Bi Ummkulthum. Nlisaini mimi."

Alimpeleka kwao kwa gari, askari akiendesha. Ofisini walimwita Ummkulthum arudi, akakataa. Siku hizi wakikutana sokoni Darajani, humwitikia Tabia salamu kamili, kisha hupita.